All in one au CPU na monita mbalimbali? Uzoefu wangu wa steshenari, Nyegezi

Kuna dada anafungua steshenari Buhongwa, hapa hapa Mwanza, kaniuliza anunue kompyuta gani, all in one (ile ambayo kompyuta nzima imo ndani ya kioo) au zile za CPU, yaani boksi, peke yake na monita peke yake. Nilianza kumjibu kwa meseji nikaona inakuwa ndefu, bora niandike tu na wengine wasome. Mi nipo Nyegezi, kazi ni hizi hizi za steshenari za jirani na chuo: kuchapa risechi, kuprinti, picha za pasipoti, maombi ya ajira, maombi ya mkopo wa chuo HESLB (bodi ya mikopo), na dirisha la mkopo likifunguliwa hapo ndo kula yenyewe unakula umesimama. Ninazo zote mbili, all in one iko kaunta mbele, ya mbalimbali iko ndani kwa dada anayechapa.

Zote used, na zote prosesa ni i5 ya kizazi cha 8, ila msidanganyike hazifanani. Kwenye all in one ni i5-8500T, kwenye CPU ni i5-8500 bila T. Hiyo T maana yake ni prosesa ya wati 35 badala ya 65, na spidi yake ya kuanzia ni 2.1 GHz wakati mwenzake anaanzia 3.0. Kwa Word na kuprinti huoni tofauti yoyote. Utaiona siku unayo picha za darasa zima unazikata kwenye Photoshop huku umefungua na mtandao, all in one inaanza kuhema na wewe unaanza kumsemesha mteja mambo ya hali ya hewa.

Ila wati ndogo ina faida yake umeme ukikatika. UPS (betri ya akiba) ile ile ndogo, all in one inakaa nayo muda mrefu kabisa, namaliza fomu ya mteja, nasevu, nazima kwa amani, wakati huku ndani CPU na monita vinagawana hiyo UPS na ikianza kupiga kelele dada anakimbizana na Ctrl+S. Halafu nafasi. Kaunta yangu ni ndogo, kuna printa, kuna mashine ya EFD ya risiti, kuna ile ya kulamineti, kwahiyo kitu chenye waya mmoja wa umeme ni raha. RAM nayo, all in one nyingi zinatumia RAM ndogo za laptop, nilichomoa kwenye laptop iliyokufa nikachomeka humo, sikutoa hata mia. Hakikisha tu DDR (aina ya RAM) zinalingana, DDR3 haiingii kwenye DDR4.

Sasa tuje kwenye kioo, maana hapa ndo ugomvi wenyewe ulipo. Katikati ya msimu wa mkopo kioo cha all in one kikaanza mistari ya wima upande wa kulia, baadae nusu nzima ikawa nyeusi. Prosesa nzima, diski nzima, kazi za watu zote zipo mle ndani, ila huoni kitu. Fundi kaifungua kaniambia "dada, hiki kioo lazima kiwe cha modeli hii hii, kwa hapa Mwanza sijakiona, niagize Dar." Kikaja na basi, na hela ya kioo jumlisha ufundi ningenunua monita used mbili na chenji inabaki. Kilichoniokoa kipindi nasubiri ni tundu la DisplayPort kule nyuma, la kutolea picha, nikachomeka monita nyingine pembeni kazi ikaendelea, kaunta imejaa mpaka aibu. Na hapo muwe makini sana, zipo all in one ambazo tundu lake la HDMI ni la kuingiza tu, yaani unaweza kuchomekea laptop au king'amuzi ukatumia kile kioo, lakini picha ya kompyuta yenyewe haitoki nje. Ukipata hiyo na kioo kikafa ujue umefunga duka.

Monita ya kule ndani nayo ilishawahi kufa. Nikabeba nyingine stoo nikachomeka, mteja aliyekuwa anasubiri risechi yake wala hakuinuka kwenye kiti.

Kuna na hili ambalo watu wa mbali na ziwa hawalijui. Sisi wa ziwani ikifika misimu yake wale wadudu wadogo wanapanda kutoka ziwani kama moshi, na usiku wanafuata mwanga, sasa kompyuta ya kaunta inayoangalia barabarani ndo taa yenyewe. Wanaingia kwenye matundu ya feni wanafia humo, vikichanganyika na vumbi feni inaziba mashine inachemka. Kwenye CPU nafungua mfuniko mwenyewe napuliza na blowa, nimemaliza. All in one mpaka fundi, maana kuifungua unaanzia kwenye kioo au mgongo wote na vibanio vyake vinavunjika kirahisi. Mdudu mmoja aliwahi kupenya ndani ya kioo akafia katikati, mzee mmoja wa Sengerema namchapia barua yake ananiambia "mayu, futa hiyo nukta hapo kwenye jina langu." (Ikikutokea usimfinye akiwa bado hai, atapondeka abaki hapo hapo, zima kioo uwashe taa nyingine pembeni anaweza kutoka mwenyewe.)

CPU nazo sio malaika. Hizi boksi ndogo za OptiPlex (Dell) na EliteDesk (HP) zilizojaa mjini, nyingi pawasaplai yake (kile kiboksi cha umeme cha ndani) sio ile ya kawaida inayouzwa kila duka, ikiungua unatafuta ya modeli yake, wakati zipo all in one zinazotumia chaja ya nje kama ya laptop, chaja ikifa unanunua chaja. Na nyaya jamani, na mtu kupiga teke CPU chini ya meza, hayo mtazoea.

Kitu kingine kizazi. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, ukiondoa wachache sana. Sasa angalieni all in one za bei poa madukani, nyingi ni kizazi cha 4, cha 6, cha 7, kioo kizuri kinang'aa, tachi ipo, unaona umeokota. Prosesa ikipitwa na wakati na kile kioo kizuri kinaondoka nayo. Mwenye monita yake pembeni anabadilisha boksi tu, monita inaendelea miaka na miaka.

Kwahiyo dada wa Buhongwa, mashine ya kuchapia chukua mbalimbali, usifikirie mara mbili. Ukipata hela ya pili ndo uweke all in one kaunta. Mdogo wangu ana duka la dawa Kirumba anatumia all in one tu, kwake iko sawa kabisa, anaingiza mauzo na kuangalia stoku, na ikizima anarudi kwenye daftari hakuna anayemlilia dedilaini.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aiwashe icheze video huku mnabishana bei, iache hata nusu saa, halafu shika mgongo wake karibu na matundu ya juu. Weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu uangalie madoa. Na waranti uliza kabisa kama inahusu kioo na waandike kwenye risiti, mi niliambiwa waranti ni ya mashine, kumbe kwao kioo sio mashine.