Sare za ibada pale Kibuye: kibanda kinachouliza maswali kabla ya kupima

Katika safu za cherehani za soko la Kibuye, Kisumu, kuna kibanda kisicho na jina ukutani ambacho kazi yake karibu yote ni mavazi ya ibada: kanzu za makanisa ya Roho na za Legio Maria, majoho ya kwaya, sare za akina mama Waanglikana, gauni za komunio ya kwanza, na mara mojamoja kanzu za Kiislamu. Tathmini hii inawalenga zaidi wanaoagizia kikundi kizima, maana kosa la nguo moja huvumilika, la nguo 20 huvunja kikundi.

Mshono wao ni mzuri, ila mzuri wa kawaida. Kinachowatofautisha ni maswali. Kabla ya tepu kushuka shingoni mwa fundi, mteja ataulizwa ni kanisa gani, tawi gani, ana cheo gani, na kama mvaaji yu hai au ni marehemu. Anayeona huo ni udaku hajawahi kuona mama akiambiwa mbele ya wenzake aende akavue.

Sare ya Mothers' Union, umoja wa akina mama Waanglikana, ndiyo mfano ulio wazi. Si kila mwanamke Mwanglikana huivaa. Ndoa yake sharti iwe imefungwa kanisani, apitie mafundisho, kisha aandikishwe. Aliyeolewa kimila, hata kama ng'ombe wote walifika na wajukuu wamejaa boma, hajafuzu. Ukisikia wazee wawili wameenda madhabahuni baada ya miaka 30 ya kuishi pamoja, usidhani ni mapenzi mapya tu. Mara nyingi mama anaitaka ile sare, na baba amekubali kusimama mbele ya kasisi kwa ajili hiyo. Kibanda hiki hudai orodha kutoka kwa kiongozi wa kikundi na hakishoni nje ya orodha. Wateja wengine hununa. Mafundi wako sahihi. Kwa sababu hiyohiyo hawagusi alama za Jeshi la Wokovu: wanaweza kurekebisha kiuno au pindo, lakini herufi S za kwenye kola na alama za cheo zitoke jeshini kwenyewe.

Kanzu ya Roho ndiyo kazi wanayoijua kuliko zote, na ndiyo yenye mitego mingi. Kwa makanisa yanayofuata nyayo za Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa mwanzo wa vuguvugu la Roho aliyeuawa Musanda, magharibi mwa Kenya, Januari 1934, msalaba mwekundu juu ya kanzu nyeupe haushonwi kama urembo. Ukubwa wake na mahali pake, kifuani, mgongoni au kwenye kitambaa cha kichwa, hutofautiana toka tawi hadi tawi, kwa hiyo peleka kanzu kuukuu ya tawi lako. Picha ya simu haitoshi, kwani haionyeshi vipimo.

Hatari kubwa ni rangi nyekundu kuchujia kwenye nyeupe, na baada ya hapo hakuna dawa. Wapo mafundi wanaoloweka kitambaa chekundu kwenye maji ya chumvi wakisema wanafunga rangi. Kwa kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani, hiyo ni imani isiyo na kanisa. Hapa hufanya jaribio: hulowesha kipande chekundu, hukiweka juu ya kipande cheupe, kisha hupitisha pasi ya moto. Kikiacha doa, kinakataliwa. Omba ufanyiwe jaribio hilo ukiwa umesimama hapo, na ukipewa chaguo chukua nyekundu ya poliesta badala ya pamba. Msalaba wenyewe ukunjwe ukingo wa sentimita 1 ndani, ushikizwe kwa uzi wa mkono, ndipo upigwe cherehani. Ule uliobandikwa kwa gundi ya pasi huanza kujikunja pembeni baada ya kufuliwa mara chache.

Kuhusu kitambaa, kwa mtu mzima wa urefu wa sentimita 170 hesabu mita 3.5 za upana wa sentimita 150, au mita 4.5 ikiwa upana ni 115. Poplini ya mchanganyiko wa poliesta na pamba inafaa kuliko pamba tupu. Pamba hupendeza, lakini hupungua: kanzu ya sentimita 145 ikipoteza asilimia 4 tu, imepanda karibu sentimita 6, na kwa dada wa Roho hiyo ni aibu ya miguuni. Ukishikilia pamba, sema iloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Hawafanyi hivyo wasipoambiwa.

Sehemu ya pili ya kukagua ni kwapa. Kanzu hizi hazivaliwi na watu waliokaa kimya. Kuna ngoma, kuna kuinua mikono, kuna maandamano ya mwendo mrefu. Bila kipande cha umbo la almasi chini ya kwapa, cha sentimita 10 hivi kila upande, mshono hupasuka mapema. Vaa, inua mikono yote miwili, tazama kama pindo linapanda. Kwa wanaopiga magoti kwa muda, kama Legio wakati wa rozari, mzunguko wa chini usipungue mita 2, la sivyo nguo itabana mapajani.

Legio Maria wana jambo lao jingine, nalo ni rangi. Tangu kanisa hilo lijitenge na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto, joho limebaki kuwa sehemu ya imani, na waumini wengi husema rangi yao imetoka kwenye ndoto au maono. Hapo fundi hana ruhusa ya kusema, "Mama, ile imeisha, chukua hii inayokaribiana." Kwa kikundi, kitambaa chote kitoke jora moja. Yakiwa mawili, linganisha vipande nje juani. Ndani ya kibanda samawati zote hufanana.

Kanzu ya Kiislamu sikushauri uishonee hapa. Wanaikata kwa urefu wa kanisa, hadi wayo, wakati wanaume wengi Waislamu huitaka ikome juu ya fundo la mguu, na darizi ya shingoni wanaipiga kwa haraka. Tafuta fundi Mwislamu.

Nguo ya marehemu hupewa nafasi ya kwanza, na humalizika siku hiyohiyo. Hukatwa wazi mgongoni na kufungwa kwa kamba za kitambaa, bila zipu, ili wanaomvalisha wasihangaike na mikono. Ugumu wake hauko kwenye mkasi. Mzee alibatizwa Mwanglikana, akahamia Roho uzeeni, mwanawe mkubwa ni Msabato: azikwe na vazi lipi? Kibanda hiki hakianzi kukata mpaka boma litume neno moja kupitia mtu mmoja, na kinafanya vyema, maana kanzu ya pili hulipiwa na fundi. Kwa wake walioolewa hakuna mvutano mkubwa hivyo: wengi hufuata kanisa la boma la mume, na sare ya kwao hubaki sandukuni au hupewa mdogo wake.

Sasa malalamiko. Mwenye kibanda ni Msabato, kwa hiyo hufunga Ijumaa kabla ya jua kutua na hafungui hadi Jumapili, ambayo ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Yeye hapotezi. Anayepotea ni mteja mwenye mazishi Jumamosi anayekuja Ijumaa saa kumi na mbili jioni akikuta kufuli. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Bei pia hazijaandikwa popote. Hupanda kwa idadi ya misalaba na utepe wa pembeni, kwa hiyo patana kwa nguo nzima, si kwa mita. Na rafu ya nguo zilizokamilika imepangwa bila majina, hata kanzu mbili za dayosisi tofauti zikawa zimelaliana.

Gauni za komunio ni nzuri. Waambie waache pindo la sentimita 8 ili literemshwe kwa mdogo wake baadaye, na wasikate mkono mfupi kabla hujaiuliza parokia yako. Malipo ya kwanza ni nusu. Kwenye risiti waandike jina la kanisa, tawi, na siku ya kuchukua, isiyozidi Alhamisi.