Apdeti mpya ya plagini yetu ya kanban: kikomo kimekuja, mengine ni mapambo

Jina la plagini naliacha pembeni maana kuna sehemu nitaiponda na sehemu nitaisifia na sitaki mtu aje kusema nimelipwa. Ni mojawapo ya zile programu za kuongezea kwenye WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti) zinazokupa bodi ya kadi, ndo kanban yenyewe, kila kadi kazi moja unaivuta kolamu hadi kolamu, humohumo ndani ya dashibodi, na kwa sura zote zinafanana kama mapacha.

Sisi tuko wanne, ofisi iko Sinza, tunatengeneza tovuti za wateja wadogo wadogo, shule, gesti, maduka ya vipuri. Zamani tulikuwa Trello, bodi ya kadi ya mtandaoni, haikuwa na shida, ila toleo la bure mwisho watu 10 kwa eneo moja la kazi na mi nilitaka kuingiza na wateja, alafu kazi zetu zenyewe ziko WordPress, dashibodi inashinda wazi kutwa nzima, nikaona kwa nini kadi zikae kwa watu wakati zinaweza kukaa kwenye databezi yetu wenyewe. Tukahama. Kolamu tano: Mpya, Inafanyika, Inasubiri mteja, Ukaguzi, Imeisha.

Sasa twende kwenye apdeti. Kitu pekee kilichonifanya nilipie ni kikomo cha kadi. Unaiambia kolamu ya Inafanyika mwisho kadi 6, ukivuta ya saba inagoma, inarudi ilikotoka na kichwa cha kolamu kinageuka chekundu. Msimamizi anaweza kulazimisha lakini lazima aandike sababu na ile sababu inabaki pale kila mtu anaiona.

Kwa wasioelewa mbona nashangilia kitu kidogo hivyo, kanban haikuanza na kuvuta kadi kwenye kioo. Ilianzia viwanda vya Toyota Japani baada ya vita kuu ya pili, mzee Taiichi Ohno ndo anahusishwa nayo sana, na neno lenyewe maana yake ni kibao tu. Kadi ilikuwa inasafiri na vipuri, vikitumika kadi inarudi nyuma kuomba vingine, hakuna kadi basi hakuna kutengeneza. Yani kazi ya kadi ilikuwa kukuzuia. Sasa bodi isiyo na kikomo ni orodha ya kazi iliyopakwa rangi, na sisi kabla ya apdeti Inafanyika ilikuwa na kadi 23. Watu wanne! Nani alikuwa anafanya hizo 23, hakuna.

Wiki ya kwanza ilikuwa ugomvi. Jamaa wetu wa dizaini akagundua ujanja, kila kikomo kikijaa anahamishia kadi zake Inasubiri mteja ili apate nafasi, ile kolamu ikavimba mpaka nikaamua kukaa kuipitia moja moja. Aisee. Kuna kadi ya gesti moja ilikuwa imelala humo, tunasubiri picha za vyumba, kila nikimkumbuka yule mama nasema moyoni wateja wa bongo bwana, kumbe picha alishatuma WhatsApp siku nyingi, ziko kwenye simu yangu mwenyewe katikati ya voisi zake. Sisi ndo tuliokuwa tunasubiriwa. Nilimpigia nikaomba radhi, akacheka tu, akasema "mwanangu mi nilijua mmeshaweka".

Kingine kipya ni linki ya mteja. Anafungua bila nywila, anaona kadi zake tu. Wazo zuri, ila wameliharibu sehemu moja mbaya sana: maoni yaliyoandikwa kwenye kadi mteja anayaona mpaka wewe uzime. Yalitakiwa yawe yamezimwa mpaka uwashe. Sisi tuna kadi imeandikwa "huyu msumbufu tumpe rangi anayotaka yaishe", bahati nzuri niliiona kabla sijatuma linki. Alafu usidhani simu zitapungua, zinaongezeka, maana mtu anaona kadi yake iko Ukaguzi tangu jana anapiga kuuliza kuna nini. Nimeibakiza kwa wateja wawili wanaoelewa.

Vikumbusho vya imeili navyo wamevisuka upya, na hapa nilikaribia kuwatukana bure. Kikumbusho cha saa mbili asubuhi kilikuwa kinafika saa nne, siku nyingine mchana. Tatizo ni WordPress yenyewe: ile ratiba yake ya ndani haiamki mpaka mtu afungue ukurasa wowote wa tovuti, na tovuti yetu ya ofisi usiku hata paka hapiti. Dawa ni kuingia cPanel (paneli ya kusimamia seva ya tovuti), kuweka cron job, yaani ratiba ya seva yenyewe, ya kuita wp-cron.php kila dakika 5, kisha kwenye faili la mipangilio wp-config.php unaweka DISABLE_WP_CRON iwe true ili ile ratiba ya ndani iache kusubiri wageni. Na imeili zipitishe SMTP, yaani zitumwe kupitia akaunti halisi ya imeili, ukiacha seva itume yenyewe hivihivi nyingi zinaishia spamu. Sio kosa la plagini lakini wangeandika mstari mmoja tu kwenye maelezo yao wangeniokolea wikiendi.

Kwenye simu wameboresha kidogo. Mwanzo ukisogeza kidole ushuke chini unajikuta umebeba kadi umeitupa Imeisha, sahivi kuna kitufe cha Hamishia unachagua kolamu kwenye menyu, kuvuta kumezimwa kabisa. Nimefurahi. Kuhesabu muda ipo, hatutumii. Rangi nyeusi ipo, sawa.

Angalizo kabla hujabonyeza apdeti: chukua bakapu ya databezi na kama unaweza anza na tovuti ya majaribio. Mi nilibonyeza moja kwa moja, mkono mwepesi, kolamu zikajipanga upya Imeisha ikawa ya kwanza kushoto, nikapanga kwa mkono bodi zote tisa huku chai inapoa.

Bei ndo kidonda. Kikomo kipo kwenye toleo la kulipia tu, na unalipa kwa dola kila mwaka, usipolipa inaendelea kufanya kazi ila apdeti hupati. Mi naona wamekosea, wangeweka kuhesabu muda kwenye la kulipia na kikomo wakakiacha bure, maana bila kikomo unachompa mtu siyo kanban. Kama unafanya kazi peke yako usinunue, chukua la bure na ujiwekee kikomo kichwani. Mkiwa watatu kwenda juu na mnagombania nani anafanya nini, lipieni la tovuti moja. Lile la tovuti tano achaneni nalo, bodi moja inatosha kugombana.