Breki za Land Rover ya zamani: ununue nini kwanza, nini kisubiri

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na Series II na IIA ni za zamani kuliko hapo. Arusha, Monduli na kwingineko bado zinabeba watu na mizigo kila siku, na zote zilitoka kiwandani na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Pedali ikianza kuzama au gari likianza kuvuta upande mmoja, wenye magari wengi hukimbilia kutafuta diski. Kwa gari la aina hii diski ni ununuzi wa nne. Mpangilio ufuatao unatazama jambo moja: kila shilingi inakupa usalama kiasi gani.

Kabla ya kwenda dukani, jua gari lako. Fupi, yaani 88 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ina dramu za inchi 10 na wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu, vile vipande vinavyosugua ndani ya dramu) moja kila gurudumu, jumla 4. Ndefu, yaani 109, ina dramu za inchi 11 na wili silinda mbili kwa kila gurudumu la mbele, jumla 6. Yapo mapacha yanayopotosha: 109 ya injini ya silinda sita ina shuu za mbele zenye upana wa inchi 3 badala ya 2.25, na 88 za mwisho mwisho zilitoka na inchi 11 mbele. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nipe za Series III". Fungua gurudumu, pima, kisha nenda na shuu ya zamani mkononi.

1. Kufufua breki zilizopo

Hapa ndipo pesa ya kwanza iende, hata kama unapanga makubwa baadaye. Dramu nzima zenye shuu kavu na silinda mpya zinalisimamisha vizuri gari lenye mwendo wa Series. Nunua kwa pamoja: wili silinda zote, shuu seti mbili (nne za ekseli ya mbele, nne za nyuma), spring za kurudishia shuu, hosi za mpira 3, sili za habu 4, na lita 1 ya mafuta ya breki DOT 4.

Sili ndizo watu wanazoziruka, na ndizo zinazoua kazi yote. Sili ya habu ikichoka, oili ya ekseli inapenya hadi kwenye dramu na kulowesha bitana ya shuu, ule mkanda unaosugua. Bitana iliyolowa oili haiponi: ukiiosha kwa petroli au kuichoma, oili iliyozama ndani itatoka tena breki zikipata moto. Tupa shuu hizo, na ubadilishe za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Ukifunga sili mpya na bado inavuja, tazama mambo mawili. La kwanza ni ile pete ambayo mdomo wa sili unaegemea. Pitisha ukucha juu yake, ukikwama kwenye mfereji, pete imekwisha. La pili ni tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Likizibwa na tope, presha inapanda ekseli ikipata moto na kuisukuma oili kupita sili yoyote, hata ya bei mbaya.

Hosi za mpira nazo hudanganya. Kwa nje inaonekana nzima, kumbe ndani imevimba: mafuta yanapita kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa na dramu inachemka. Ukikuta gurudumu moja lina joto kuliko mengine baada ya safari, shuku hosi kabla ya silinda.

Dramu inaweza kukwanguliwa kwa mashine, lakini isizidi milimita 0.75 juu ya kipenyo chake cha asili, na za ekseli moja zikwanguliwe sawa. Vumbi la shuu za zamani lina asbesto, hivyo usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji na ulifute.

2. Masta silinda ya njia mbili pamoja na sevo

Masta silinda ni pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta kwenye magurudumu. Land Rover nyingi za zamani zina njia moja ya mafuta. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa wakati mmoja. Hii ni hatari kubwa kuliko udogo wa dramu, ndiyo maana tunaweka njia mbili juu ya chaguo la tatu. Tafuta seti kamili ya Series III ya baadaye: kiti cha pedali, sevo, masta silinda na tangi lake. Vipande vya kuokoteza huku na kule hugharimu zaidi mwishowe. Kwenye IIA pima kwanza nafasi ya sevo pembeni ya bawa la mbele.

Sevo, kifaa kinachousaidia mguu kwa uvutaji wa hewa ya injini, inapunguza tu nguvu unayohitaji kukanyagia pedali. Dramu iliyochemka kwenye mteremko wa Kitonga itachemka vilevile ukiwa na sevo. Dawa yake ni gia nzito tangu juu kabisa ya mteremko. Injini ya petroli inaipa sevo uvutaji wa hewa kutoka kwenye manifoldi. Ya dizeli haina uvutaji wa kutosha, hivyo inahitaji ile vali ya kipepeo ya manifoldi iliyokuja na dizeli zenye sevo, au pampu ya vakyumu.

Paipu zote zibadilishwe hapa. Chukua za aloi ya shaba na nikeli, inchi 3/16. Shaba tupu huwa ngumu na kupasuka kwa mtetemo. Angalia nati pia: ya inchi 3/8 huingia kwenye tundu la M10 na kuonekana imeshika, kumbe inacheza na itachomoka.

3. Dramu za inchi 11 mbele, kwa mwenye 88

Zinatoka kwenye 109: bamba (linalobeba shuu na silinda), shuu, silinda na dramu. Mbele kila shuu ina silinda yake, na zote mbili zinajikaza zenyewe gari likienda mbele. Bamba la kulia na la kushoto si moja. Ukiyabadilishana, yote yataingia bila shida lakini breki zitakuwa dhaifu ukienda mbele na kali ukirudi nyuma.

Masta silinda ya inchi 3/4 ya 88 haisukumi mafuta ya kutosha kwa silinda nne za mbele. Ya 109 ni inchi 1. Inafaa, ila pedali inakuwa ngumu. Ukishafanya hatua ya pili, ugumu huo hutausikia.

4. Diski za mbele

Ni nzuri kweli kwa anayevuka mito na matope, kwa sababu hukauka haraka na hazihitaji kurekebishwa. Lakini ni ghali, zinataka sevo, na lazima kaliper ipite ndani ya rimu yako; jaribu rimu kabla ya kulipa. Masta silinda ya dramu ina vali inayobakiza presha kidogo kwenye paipu. Isipoondolewa upande wa diski, pedi zitasugua muda wote.

5. Ekseli za Range Rover au Defender

Usianzie huku. Uwiano wa difu unatoka 4.7 kwenda 3.54, gari linakuwa zito kupanda mlima, na viti vya spring vinabidi vichomelewe upya.

Kutoa upepo

Breki za inchi 11 zinasumbua kwenye kutoa upepo. Kaza kwanza virekebisho vyote (vinavyosogeza shuu karibu na dramu) hadi shuu zishike dramu, ili pistoni zirudi ndani na hewa ikose pa kukaa. Anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia, kwa gari la usukani wa kulia. Kisha legeza kila kirekebisho hadi gurudumu lizunguke. Mbele kwenye inchi 11 kuna viwili kwa kila gurudumu; fundi akirekebisha kimoja tu, pedali itabaki ndefu.

Usimimine oili ya injini wala ya gia boksi kwenye tangi, hata kidogo: mipira yote itavimba na utanunua upya kila kitu. Handbreki ya gari hili iko kwenye shafti nyuma ya gia boksi, kwa hiyo ivute gari likiwa limesimama tu. Baada ya kilomita 500 shuu zitakuwa zimekaa. Rekebisha tena na ukague kila kiungo cha paipu kwa kidole kikavu.