Marekani ya 1917 na ya 1941: ipi ilisogea vitani polepole zaidi?

Watu wanazichanganya sana hizi safari mbili za Marekani, kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia 1917 na vya Pili 1941, ila mi naona zina tofauti kubwa. Rais Wilson kwanza alikomaa kukaa pembeni, hata meli ya abiria ya Uingereza, Lusitania, ilipozamishwa na Wajerumani Mei 1915 na Wamarekani 128 wakafa hakutangaza vita, aliandika barua za kulalamika tu, mpaka Februari 1917 nyambizi za Ujerumani ziliporudi kuzamisha meli bila kubagua, halafu ikavuja ile telegramu ya Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, ya kuivuta Meksiko upande wao, ndo Aprili wakaingia.

Ya Rais Roosevelt sasa, ile ya 1941, ilikuwa hatua kwa hatua, na mi naona hii ndo polepole yenyewe. Novemba 1939 sheria ya kutoegemea upande inalegezwa, wanaopigana wanaruhusiwa kununua silaha kwa keshi na kuzibeba wenyewe, Septemba 1940 Uingereza inapewa manowari 50 za zamani, Machi 1941 inapitishwa sheria ya kuazimisha silaha, kisha meli za kivita za Marekani zinasindikiza misafara ya meli za mizigo Atlantiki. Oktoba 1941 moja ya hizo meli za kivita, Reuben James, ikazamishwa na nyambizi ya Ujerumani, mabaharia kama 100 wakafa, na Japani bado haijashambulia Pearl Harbor, shambulio lililoiingiza Marekani vitani rasmi. Hao ndo wananiuma, walikufa vitani wakati nchi yao bado inasema haiko vitani.