Kontrabesi, Tubax, besi, na yule bwana wa "mapafu madogo"

Nianze na yule bwana, maana hasira haijanishuka. Majuzi nilikodi kwake saksofoni ya kontrabesi, lile dude refu kumzidi mtu, la kilo kama 20, ambalo hulibebi shingoni, unaliegemeza kwenye stendi yake. Noti za juu safi, za kati safi. Nikishuka chini, linagugumia, linakata. Nikampigia simu. Hata salamu hakuimalizia: "Hilo si la wenye mapafu madogo." Mapafu madogo! Mimi ninayepuliza saksofoni ya baritoni tangu ujana!

Aliyewahi kushika saksofoni anajua kwamba noti ya chini kabisa inataka matundu yote yazibwe sawasawa. Pedi moja, yaani kile kifuniko laini cha kuziba tundu, ikivujisha pumzi huko juu, huku chini hupati kitu. Nikachana karatasi ya sigara, nikawa naibana chini ya kila pedi halafu naivuta polepole. Zote ziling'ang'ania. Nilipofika kwenye pedi ya noti ya G shapu, karatasi ikateleza ikatoka bila ubishi wowote. Springi inayoibana imechoka! Yeye mwenye chombo angeligundua hilo kwa dakika tano, lakini aliona rahisi kuyatukana mapafu yangu. Nikaikaza pedi kwa mpira wa kufungia pesa, nikapuliza tena.

Jamani. Noti ya chini ya kontrabesi iko kwenye hezi 35 hivi, yaani mitetemo 35 kwa sekunde, na sikuisikia kwanza kwa masikio, niliisikia kwenye nyayo. Kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka. Ni oktava nzima, yaani ngazi ya noti nane, chini ya baritoni, ila sauti ni pana, laini, imejaa. Nikasema basi, mengine yote ni michezo ya watoto.

Kwa rafiki yangu kulikuwa na saksofoni ya besi na Tubax, aina ya saksofoni aliyoibuni Benedikt Eppelsheim wa Munich mwaka 1999. Tubax inashuka palepale kwa kontrabesi, lakini bomba lake ni jembamba na limekunjwa mara nyingi zaidi. Ilinikera. Inakwaruza, inavuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nilimwambia rafiki yangu wazi, hii si saksofoni. Ile saksofoni yake ya besi sina ugomvi nayo: tamu, nyepesi kukimbia, na ukiipiga unaelewa kwa nini mpigaji Adrian Rollini aliing'ang'ania kwenye jazi ya miaka ya 1920. Inaishia hezi 52 hivi, basi.

Sasa aibu yangu. Tulizirekodi zote, tukasikiliza kwenye spika ndogo. Kontrabesi yangu ikatoweka! Zilibaki pumzi na vifuniko vinavyogonga. Spika ile haifiki huko chini, na sauti za juu zinazoambatana na noti zilikuwa hafifu mno. Tubax niliyoicheka ilisikika noti kwa noti, maana ule mkwaruzo ndio hizo sauti za juu, na sikio linajazia lenyewe kile cha chini kisichotoka. Kwa kurekodi, nameza maneno yangu. Kwa chumba chenye watu ndani, simezi hata moja. Labda nusu.

Kulikodi tena? Hapana. Au akibadilisha springi, sijui, zile nyayo zangu zinalikumbuka. Siku ya kulirudisha alisimama akiukodolea macho ule mpira, akauliza nani kauweka. Nikamwambia, mwenye mapafu madogo.