Mpira wa maji wenye waya wa umeme: majira ya baridi kwenye trela, Williston

Kama unakuja jimbo la North Dakota, Marekani, kuendesha lori kwenye visima vya mafuta, na kodi ya nyumba imekufanya uchague kuishi kwenye trela, yaani nyumba ndogo ya magurudumu, nunua kitu hiki kabla ya Novemba. Ni mpira wa maji ya kunywa, urefu wa mita 7.6, wenye waya wa joto uliolala ubavuni mwake mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja unafunga kwenye mfereji, wa pili kwenye trela, kisha unachomeka kwenye stima ya volti 120. Kuna kidude kinachopima baridi. Hewa ikishuka karibu na nyuzi 7 za Selsiasi, waya unajiwasha wenyewe.

Januari ya huku si baridi ya Limuru. Usiku kipimo huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, na upepo wa nyanda hizi haukuti kilima cha kuupunguza. Mpira wa kawaida unakuwa mgumu kama fimbo kabla ugali haujaiva. Huu wangu umeendelea kutoa maji hata asubuhi ambazo dizeli iliganda kwenye malori ya majirani.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Kile kipande cha chuma kinachokutana na mfereji hakina waya, na ndicho kinachoganda kwanza. Kivishe sponji ya mabomba, na mfereji wenyewe uzungushie waya wa joto unaouzwa peke yake. Usiukunje mpira ukajilalia, maana sehemu zenye waya zikigusana zinaunguzana. Stima ikipotea, usisubiri: funga mfereji, fungua mpira, mwaga maji yote.

Maji yakishaingia kwenye trela, mpira hauwezi kukusaidia tena, na hapo ndipo watu wanapata hasara. Jirani yangu alitaka kuokoa gesi, akazima tanuri la gesi linalopasha trela joto na kutegemea hita mbili za umeme. Chumbani palikuwa na joto la kupendeza, lakini mabomba chini ya sakafu yalipasuka. Katika trela nyingi ni tanuri la gesi linalopuliza hewa moto kule chini. Hita ya umeme haifiki. Kwa hiyo tanuri liwake, hata kama linameza mitungi. Chagua mtungi mkubwa, kwa sababu propani, ile gesi iliyomo mtungini, haigeuki mvuke ikifika nyuzi 42 chini ya sifuri, na mtungi mdogo unaanza kudhoofika mapema zaidi. Na tafadhali, ndugu zangu, msipashe chumba kwa jiko la kupikia. Wekeni kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu itokayo kwenye moto, na muijaribu mara kwa mara.

Bei ya mpira huu ni mara kadhaa ya ule wa bustani, na sijutii hata senti. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa watengenezaji siku watakayofikisha waya hadi kwenye kile chuma cha mfereji.