Milango iliyokuwa ikikwaruza sakafu: uzoefu wangu na fundi wa kuja nyumbani

Tangu tubandike marumaru juu ya sakafu ya zamani, milango miwili ya ndani ilikuwa kero tupu. Wa chumbani kwetu, wa mninga, ulikwaruza kwenye kona ya upande wa kitasa. Wa watoto, huu wa flashi, yaani wa plaiwudi pande mbili, ulikokota zulia kila ukifunguliwa, mpaka nyuzi zikaanza kunyofoka. Mafundi niliowauliza mtaani walikuwa na jibu lao moja: "Tunaupiga randa, unaisha." Huyu niliyeelekezwa na jirani ndiye wa kwanza kuuliza unagusa wapi.

Wa chumbani hata msumeno hakuutoa. Aliufungua nusu, akaushika kitasa na kuunyanyua, ukapanda. "Mama, huu haujazidi urefu. Bawaba ndiyo imelegea." Kweli, skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zinazunguka tu kwenye fremu bila kukaza. Akazitoa, akachonga vijiti vya mbao, akavipaka gundi na kuvigongelea matunduni, akavikata vikawa sawa na fremu, halafu akafunga skrubu ndefu kuliko zile za mwanzo. Mlango ukakaa. Hapo ndipo nilipomheshimu, maana angeifuata ile kona kwa randa, siku bawaba ikikazwa ningebaki na mlango uliokatwa mshazari, na mninga siku hizi si wa kuchezea.

Wa watoto ndio aliokata, kwa sababu uligusa chini kote. Kwanza aliugongagonga kwa kifundo cha kidole kutafuta mbao ya chini inaishia wapi. Milango hii ya flashi imezungushiwa mbao pembeni tu, katikati karibu ni patupu. Ukikata ukaipita ile mbao, unabaki na plaiwudi mbili hazina cha kuzishika. Akalaza kadibodi juu ya zulia pale lilipoinuka zaidi, akalaza penseli juu yake na kuchora mstari mlango ukiwa bado umening'inia. Ndipo akaushusha, akabandika tepu kwenye mstari, akapitisha kisu kabla ya msumeno ili plaiwudi isichanike, akamalizia na msasa. Ukiutazama huwezi kujua umekatwa.

Sasa lawama. Aliahidi asubuhi, akaja alasiri. Turubai hana, kwa hiyo unga wa mbao ulijaa mpaka kitandani kwa watoto. Na kubwa kuliko yote, alitaka kuurudisha mlango bila kupaka kitu pale alipokata. Nikakataa. Nyumba inadekiwa kila siku. Mbao ikiachwa wazi kwa chini inakunywa maji, inavimba, na masika yakiingia mnaanza upya. Alikubali, ila vanishi nilikwenda kununua mwenyewe. Na wewe fundi unayesoma hapa, kopo dogo la vanishi halijazi mfuko.

Bei alianzia 50,000, tukaelewana 30,000 kwa milango yote miwili, skrubu juu yangu. Kwa kazi niliyoiona sikuumia.

Masika yamepita na milango yote inafunguka bila kugusa. Nampa nyota nne kati ya tano. Ukimwita, toa mashuka kitandani kabla hajaanza kukata.